SOMO LETU: RANGI YA ZAMANI KATIKA NYUMBA ZA SERIKALI

 

Somo la leo tuliletewa na mama mmoja wa kikundi cha kushona hapa Garissa mjini. Binti yake alitoka kambi ya Hagadera kule Dadaab akapelekwa Marekani pamoja na mumewe na watoto, na sasa wanakaa katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine. Siku moja binti alipiga simu akilia. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa amepimwa damu mara ya pili tangu wafike, na hospitali ikasema damu ina "ledi", tena kipimo cha pili kimezidi cha kwanza. Baada ya hapo ikaja barua kuhusu nyumba wanayokaa. Mama akatujia mbio: "Mwalimu, hiyo ledi ni ugonjwa gani? Na serikali ya huko itamnyang'anya mtoto wake?"

Tuliketi naye, tukapiga simu, binti akatusomea ile barua pole pole. Hakuna aliyetaka kumchukua mtoto. Barua ilisema kwamba nyumba ni ya zamani, fremu za madirisha zina rangi yenye sumu ya risasi, na kwa kuwa serikali husaidia kulipa kodi ya nyumba ile, mwenye nyumba ni lazima aitengeneze. Mama akashusha pumzi. Halafu akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile. Kijana wake mwingine ni mwalimu na anakaa kota ya shule. Akasema: "Kumbe huko serikali inauliza ukuta. Na hizi kota zetu hapa, ni nani amewahi kuziuliza?"

Somo hili ndilo jibu letu kwake. Tutafuata njia tuliyoizoea katika jumuiya ndogo ndogo: kuona, kuamua, na kutenda.

SEHEMU YA KWANZA: KUONA

Risasi gani hiyo?

Huku kwetu Kaskazini Mashariki, mtu akisikia neno risasi anafikiria bunduki, na tumekuwa na sababu zetu za kufikiria hivyo. Lakini hapa tunasema juu ya madini yenyewe, ile metali ya kijivu, laini na nzito, iliyo ndani ya betri za gari. Wengine huiita ledi. Ni kitu kimoja.

Kwa miaka mingi viwanda vya rangi viliweka risasi ndani ya rangi za mafuta. Risasi iliifanya rangi ikauke haraka, ishike vizuri, na isiharibiwe upesi na jua na mvua. Risasi nyekundu ilitumika katika rangi ya kwanza ya kuzuia kutu kwenye chuma. Kuna pia aina ya risasi inayotoa rangi kali ya njano na ya machungwa, na hiyo ndiyo sababu rangi hizo hutiliwa shaka zaidi kuliko nyingine.

Ubaya wake haukugunduliwa jana. Mwaka 1904 daktari mmoja huko Queensland, Australia, aliandika kwamba watoto walikuwa wanapata sumu kutokana na rangi ya nyumba zao wenyewe. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi isipakwe ndani ya majengo, isipokuwa machache. Kwa hiyo dunia imejua jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja.

Inaingiaje mwilini?

Watu wengi wakiambiwa rangi ina sumu, wanafikiria harufu ya rangi mbichi. Lakini hatari kubwa ya risasi iko katika rangi iliyozeeka. Jua la Garissa mnalijua. Rangi inapasuka, inabambuka, inaanguka chini vipande vipande, halafu inasagika kuwa vumbi. Mlango ukisugua fremu kila siku, vumbi linatoka. Mafuriko ya Tana nayo, kama yale ya Novemba 2023, yakilowesha ukuta, rangi inaachia.

Mtoto anatambaa sakafuni, anashika vumbi, anatia mkono mdomoni. Si ndivyo watoto walivyo? Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima, kutoka kiasi kile kile alichomeza. Mtoto mwenye njaa, au mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi, hunyonya zaidi. Na hapa kwetu, ukame ukija, watoto wa namna hiyo ni wengi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama. Katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema mtoto akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, ni lazima chanzo kitafutwe na kiondolewe. Risasi huharibu ubongo unaokua. Mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, hatulii, ana hasira, anaumwa na tumbo, anafunga choo, anapungukiwa na damu. Ikizidi sana anapata degedege na anaweza kufa. Lakini mara nyingi hakuna dalili yoyote ya kuonekana, na dalili hizo huletwa pia na malaria, minyoo na lishe duni. Kwa hiyo hakuna mzazi wala mwalimu anayeweza kuijua kwa macho. Inajulikana kwa kupima damu tu. Ziko dawa za kutoa risasi mwilini kwa mtoto aliyezidiwa, lakini ubongo ulioharibika haurudishwi na dawa hizo.

Akina mama wajawazito nao wasikilize. Risasi hukaa katika mifupa miaka mingi, na wakati wa mimba hutoka na kumfikia mtoto tumboni.

Tulichokiona wenyewe

Baada ya swali la yule mama, tulizunguka tukatazama nyumba na majengo ya umma kwa jicho jipya. Mnajua jinsi yanavyopakwa. Juu ni rangi ya maji, na chini, kutoka sakafuni hadi kifuani, ni rangi ya mafuta ili iweze kupanguswa. Jameni, kimo hicho ndicho kimo cha mtoto! Halafu kuna milango, madirisha ya chuma, vitanda vya wodi, bembea za watoto. Zote hizo ni rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka, nyingine tangu kabla sisi hatujazaliwa.

Mahali pamoja, ambapo hatutapataja, tulikuta mafundi wawili wakitayarisha kota ili zipakwe rangi upya. Walikuwa wanasugua milango na kuta kwa msasa mkavu. Unga wa rangi ulikuwa mwingi kama unga wa posho mill. Familia zilikuwa bado ndani. Watoto walikuwa wanachora kwa vidole juu ya ule unga sakafuni, na mmoja alikuwa anakula anjera yake pale pale. Mafundi walikuwa wanatafuna miraa kwa mikono ile ile. Tulipowauliza, mmoja alijibu kwa upole: "Mwalimu, tumepewa wiki moja, na nyumba ni nane. Mambo ya vumbi hayako kwenye mkataba."

Hatusemi kwamba rangi ile ilikuwa na risasi. Hakuna aliyeipima. Hapo ndipo penye tatizo. Familia nane zilikaa ndani ya vumbi ambalo mwenye nyumba hakujua lina nini, na hakuona kwamba ni kazi yake kujua.

Sheria ya mkebe na sheria ya ukuta

Kenya ina sheria ya rangi. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, linaruhusu risasi isiyozidi sehemu 90 katika sehemu milioni moja za rangi, yaani miligramu 90 katika kilo moja ya rangi iliyokauka. Hicho ndicho kipimo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa, ambao ofisi yake ya mazingira iko Gigiri, Nairobi. Ni sheria nzuri, na tunaisifu.

Lakini tuielewe vizuri. Hii ni sheria ya mkebe. Inamwambia mwenye kiwanda na mwenye duka ni rangi gani wanaweza kuuza leo. Haiendi kwenye ukuta uliopakwa mwaka 1975 kuuliza una nini. Ukinunua mkebe mzuri leo, halafu fundi akasugua kavu tabaka saba za zamani kabla ya kuufungua, mkebe huo haujamsaidia mtoto wako kitu.

Marekani walianza vile vile na mkebe. Mwaka 1971 walitunga sheria yao ya kwanza ya taifa kuhusu sumu ya rangi, na mwaka 1978 wakapiga marufuku rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani. Baadaye wakaona kwamba watoto wanaendelea kupata sumu, kwa sababu nyumba za zamani bado zipo na maskini ndio wanaozikaa. Mwaka 1992 bunge lao likapitisha sheria nyingine juu ya nyumba zenyewe. Chini ya sheria hiyo, Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ilitoa kanuni mwaka 1999, zikaanza kutumika Septemba 2000. Hii sasa ndiyo sheria ya ukuta. Inahusu nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 ambazo ni za umma au zinapata msaada wa serikali kuu, kama ile ya binti wa Lewiston. Mambo yake makubwa ni haya:

1. Nyumba ikaguliwe. Nyumba za umma hupimwa rangi kwa vyombo. Mahali ambapo serikali inamsaidia tu mpangaji kulipa kodi, na kuna mtoto chini ya miaka sita, mkaguzi hutazama kwa macho kama rangi imeharibika.

2. Mpangaji aambiwe. Matokeo yakipatikana, mwenye nyumba ana siku 15 za kuwajulisha wakaaji.

3. Rangi iliyoharibika itengenezwe kwa njia salama. Ni marufuku kuichoma kwa moto wa wazi, ni marufuku kuisugua kwa mashine isiyonyonya vumbi, na ni marufuku kuikwangua au kuisugua kavu, isipokuwa sehemu ndogo sana.

4. Kazi ikiisha, vumbi lipimwe kabla ya watu kurudi.

5. Mtoto akikutwa na risasi nyingi katika damu, nyumba ichunguzwe ndani ya siku 15. Hili liliongezwa nguvu mwaka 2017.

Hebu rudini kwa wale mafundi wetu wawili na msasa wao. Kazi waliyokuwa wakifanya mchana kweupe ingekuwa kosa katika nyumba ya umma ya Lewiston.

Kwa nini watoto wa wakimbizi wanapimwa mara mbili?

Mama alituuliza hili pia: "Kwani walidhani mtoto ametoka na ugonjwa kambini?" Sivyo hasa. Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka miwili, wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan, alikufa kwa sumu ya risasi wiki chache tu baada ya kufika Marekani. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa ndani ya nyumba mpya waliyopangishwa, rangi ya zamani ya madirishani na barazani. Baada ya kifo hicho, mamlaka za afya za Marekani zikashauri watoto wa wakimbizi wapimwe wakifika, kisha wadogo wapimwe tena baada ya miezi 3 hadi 6. Kipimo cha kwanza kinaonyesha alichokuja nacho mtoto. Cha pili kinaonyesha alichopewa na nyumba. Kwa mjukuu wa mama yetu, cha pili kilizidi.

Tusiwasifu kupita kiasi, hata hivyo. Mwaka 2018 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani waliishtaki mamlaka ya nyumba za umma ya jiji la New York, kwamba kwa miaka kadhaa ilitia saini karatasi za kusema ukaguzi wa rangi umefanyika wakati haukufanyika. Mwaka 2019 ikawekewa msimamizi kutoka nje. Saini si kazi. Hilo sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa.

SEHEMU YA PILI: KUAMUA

Je, sisi tuna cha kushikilia? Tunacho, na kiko ndani ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 kinataja nyumba ya kufaa. Kifungu cha 53 kinataja haki ya mtoto ya makao na matibabu. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Na kiko kifungu cha 70, ambacho tunaomba mkisome mara mbili. Kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki yake ya mazingira ikivunjwa au ikitishiwa kuvunjwa, na kinasema si lazima aonyeshe kwamba kuna mtu amekwisha kuumia. Maana yake ni kwamba sheria ya nchi yetu haimtaki mama asubiri damu ya mtoto wake iwe ndicho kipimo cha nyumba. Anaweza kuuliza mapema.

Tukitaka mfano wa kusubiri, tuangalie Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kilifanya kazi pembeni ya kijiji hicho kutoka 2007 hadi 2014. Watoto na watu wazima walipata sumu ya risasi, na wengine walikufa. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza wakazi kudai haki, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Rufaa ikaivuruga mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Waliolaumiwa hawakuwa wenye kiwanda peke yao. NEMA na wizara za serikali pia ziliwajibishwa, kwa sababu zilikuwa na kazi ya kulinda watu na hazikuilinda ipasavyo. Risasi ni ile ile, iwe imetoka kwenye betri au ukutani. Lakini ni kesi ya miaka mingi, na watoto waliozikwa hawakurudi.

Na Neno la Mungu linasemaje? Tulipokuwa tunatayarisha somo hili, mmoja wetu alifungua Walawi sura ya 14, kuanzia aya ya 33, sehemu ambayo wengi huiruka. Ni habari ya nyumba iliyo na pigo kwenye kuta. Mwenye nyumba haruhusiwi kunyamaza, ni lazima aende kumwambia kuhani. Kuhani anaamuru vitu vitolewe kwanza, kisha anaingia kutazama. Akiona alama, anaifunga nyumba siku saba, halafu anarudi kukagua tena. Ikibidi, kuta zinakwanguliwa ndani pande zote, na kile kilichokwanguliwa kinapelekwa nje ya mji mahali palipotengwa, kisiachwe mlangoni. Pigo likirudi, nyumba inabomolewa.

Pigo la Walawi si risasi, hatusemi hivyo. Lakini tazameni utaratibu: kutoa taarifa, kutoa watu na vitu, kukagua, kufanya kazi, kukagua tena, kutupa takataka mahali pake. Ni karibu sawa na zile kanuni tulizozisoma hapo juu! Ukuta unaodhuru mkaaji ulikuwa ni jambo la jamii nzima na viongozi wake, si siri ya mpangaji. Ndugu zetu Waislamu nao wana msingi mkubwa wa sheria yao kwamba mtu asidhuru wala asilipize dhara kwa dhara. Hapa basi hatuna tofauti.

SEHEMU YA TATU: KUTENDA

Kwanza, tusitiane hofu. Rangi ya zamani ambayo ni nzima, haijapasuka wala kubambuka, haina haja ya kuguswa. Iache, ioshe, au ipake nyingine juu yake. Watu wengi huleta hatari wakati wanapotaka kusafisha.

Kazi ya rangi inapokuja nyumbani:

- Kama nyumba ni ya zamani na rangi haijapimwa, ichukulie kwamba ina risasi.

- Watoto na wajawazito watoke mpaka kazi iishe na usafi ufanyike. Toeni mikeka, magodoro, vyombo na chakula. Tandazeni karatasi ya plastiki sakafuni.

- Fundi aloweshe ukuta na atumie msasa wa maji, ule wanaotumia watu wa kunyoosha bodi za magari. Asisugue kavu wala asichome rangi kwa moto.

- Fundi afunike pua na mdomo, asitafune miraa, asile wala asivute sigara akiwa kazini mpaka anawe kwa sabuni. Nguo za kazi asiende nazo nyumbani kukumbatia watoto. Fundi ndiye wa kwanza kuumia, tumwambie hivyo kwa upendo.

- Usifagie kavu. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa na sabuni, badilisha maji, pangusa tena.

- Takataka zitiwe ndani ya gunia lisilovuja, zifungwe, na umuulize afisa wa afya ya umma pa kuzipeleka. Zisichomwe, zisitupwe Tana, zisimwagwe karibu na boma. Ng'ombe na mbuzi hulamba, na risasi huwaua.

Siku zote:

- Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Wapate maziwa, maharagwe, mboga za majani, na maini kama yanapatikana. Kalisi na madini ya chuma hupunguza risasi inayonyonywa.

- Tuangalie vyanzo vingine. Kuna wanja wa macho uliotengenezwa kwa risasi, usimpake mtoto mchanga. Usivunje betri ya gari nyumbani. Wajawazito wanaokula udongo, mwache, udongo mwingine una risasi.

- Ukinunua rangi, tafuta alama ya KEBS na jina la kiwanda kwenye mkebe. Usinunue rangi ya kupimiwa kutoka kwa debe lisilo na jina.

- Ukiwa na wasiwasi na mtoto, mwambie daktari wazi: "Nyumba yetu ina rangi ya zamani inayobambuka, tunaomba shauri kuhusu kipimo cha risasi." Si kila hospitali ina mashine, lakini damu inaweza kupelekwa maabara kubwa.

Kwa mwenye nyumba, yaani serikali:

Hapa ndipo tunataka nguvu za jumuiya. Kota nyingine ni za kaunti, nyingine za serikali kuu, nyingine za shule. Kwanza jueni ya kwenu ni ya nani. Kisha andikeni barua, kikundi kizima kitie saini, nakala moja kwa afisa wa afya ya umma. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Ikikataa au ikinyamaza, mnaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua inaweza kuwa fupi kama hii:

"Sisi wakaaji wa kota za ................ tunaomba kujulishwa, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016: (a) nyumba hizi zilijengwa mwaka gani, (b) kama rangi yake imewahi kupimwa risasi, na matokeo yalikuwa nini, (c) kama mkataba wa kupaka rangi unamtaka mkandarasi atumie rangi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni, asikwangue kavu, na asafishe vumbi kabla ya familia kurudi. Nyumba hizi zina watoto ........ walio chini ya miaka sita. Tunaomba kazi isianze kabla hatujajibiwa."

Ombi la (c) ndilo lenye faida ya haraka, kwa sababu halingoji sheria mpya kutoka Nairobi. Mkataba huandikwa na ofisi iliyo karibu nasi, na mistari mitatu inatosha. Na wale wanaokatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu, waulize swali la rangi tangu sasa, kabla nyumba hizo hazijazeeka.

Kota ya yule mwalimu, kijana wa mama yetu, bado haijapakwa rangi. Barua yake imekwisha kupelekwa, na majirani watano wameweka saini pamoja naye. Mjukuu wa Lewiston amepimwa mara ya tatu na risasi imepungua. Familia ilihamishwa wakati madirisha yanabadilishwa, na mama anatuambia mtoto sasa anasema maneno mengi, ya Kisomali na ya Kiingereza, mpaka wanachoka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NA VIKUNDI

1. Katika nyumba zetu, shule ya chekechea na zahanati, ni wapi rangi inabambuka mahali mtoto anapofikia?

2. Mara ya mwisho jengo la umma lilipopakwa rangi hapa, watoto walikuwa wapi?

3. Mwenye kota zetu ni nani, na ni nani kati yetu atapeleka barua?

4. Ni fundi gani katika jumuiya yetu tunaweza kumsomea somo hili wiki hii?

Mungu awabariki, na azilinde nyumba zetu na wote walio ndani yake.